Ukuta wa Nyumba ya Wajerumani wa Urusi

Kaka yangu alinipigia simu Jumamosi, saa tisa mchana, mikono yangu ikiwa ndani ya nywele za mtu, akaniuliza mavi ya ng'ombe yanatiwa kiasi gani kwenye udongo wa kusiribia ukuta.

Simu nilikuwa nimeiegemeza kwenye kioo, sauti iko juu, maana msusi hana mkono wa tatu. Saluni nzima ikageuka. Mteja wangu akanitazama kwenye kioo kama mtu anayesubiri kuambiwa amesikia vibaya.

"Mavi ya nini?" nikauliza.

"Ya ng'ombe. Ile Mama alikuwa anatia kwenye udongo. Ilikuwa nusu kwa nusu, ama kidogo?"

"Yaya, niko kazini."

"Najua. Sema tu haraka."

Yaya ndivyo tunavyomwita mkubwa wetu kwetu Fizi, mashariki ya Congo, na mkubwa hakatiwi simu. Nikamwambia ni kidogo, ndoo moja kwa ndoo nne za udongo, na majani makavu yaliyokatwakatwa, na mchanga kama udongo unanata sana. Akasema, "Bon, asante," akakata yeye. Hakuniuliza mchanga ni kiasi gani. Hakuniuliza udongo ulale siku ngapi. Mwenzangu wa kiti cha pili, Mtanzania wa Tanga ambaye tumesukana na kusengenyana miaka minane katika saluni hiyo ya chini ya maghorofa ya South Beach, hapa Durban, akacheka mpaka akaweka kitana chini.

"Shoga, kaka yako si yuko Marekani? Anajenga kibanda cha mbuzi?"

Sikujua anajenga nini. Kaka yangu aliondoka kambini Kigoma na mke na watoto, wakapelekwa katikati ya Marekani, kwenye tambarare ambayo kwenye video inaonekana haina mwisho: nyasi, barabara moja, anga. Mimi nilikuwa nimechoka kusubiri zamu yangu ya mahojiano ya kupelekwa ng'ambo, nikashika njia ya kusini, nikafika Durban, Afrika Kusini. Wao wakaitwa miezi michache baada ya mimi kuondoka. Sitaki kulizungumza sana hilo. Nalisema tu ili ieleweke kwamba yeye na mimi tuna jambo kati yetu ambalo kila simu inapita juu yake bila kuligusa.

Jumapili nikampigia mimi. Ndipo akanieleza.

Siku nne kwa juma alifanya kazi ya kiwanda, na siku mbili alikuwa mlinzi, mfagiaji na mkata nyasi wa nyumba ya zamani inayoonyeshwa kwa wageni. Nyumba hiyo ni ya chama kidogo cha wazee wa pale. Ilijengwa na wahamiaji.

"Wahamiaji gani?"

"Wajerumani. Lakini si wa Ujerumani. Walitoka Urusi."

"Basi ni Warusi."

"Hapana, ni Wajerumani. Babu zao walikwenda kulima Urusi, wakazaa huko, wakazeeka huko, wakabaki Wajerumani. Kisha mambo yakabadilika, wakaondoka, wakaja huku. Huku watu wakawaita Warusi."

Nilielewa haraka kuliko alivyodhani. Hapa Durban nikisema natoka Congo, Mcongomani mwenzangu ananiambia Kiswahili changu ni cha Kitanzania. Mtanzania ananiambia ni cha kambini. Nikipanda teksi, zile daladala za hapa, naitwa jina moja tu la dharau, lile wanaloitwa wageni wote.

Akageuza kamera anionyeshe. Ilikuwa nyumba ndefu na ya chini, vyumba vimefuatana kimoja baada ya kingine, mlango ubavuni. Madirisha yalikuwa na fremu za buluu, na ukuta mnene kiasi kwamba kwenye dirisha ungeweza kumkalisha mtoto, miguu yake isining'inie. Katikati palikuwa na jiko kubwa la matofali lililopasha joto nyumba nzima. Walikuwa wakichoma mavi ya ng'ombe yaliyochanganywa na majani na kukaushwa, kwa sababu nchi ile haikuwa na miti. Na kuta zenyewe zilikuwa matofali mabichi: udongo, majani makavu, mavi, jua. Juu yake zimesiribwa udongo na kupakwa chokaa.

"Lakini hiyo ni nyumba yetu," nikasema.

"Ndiyo niliwaambia. Niliwaambia hii kazi naijua toka utotoni."

"Unaijua toka lini, yaya?"

Kwetu kusiriba nyumba ilikuwa kazi ya Mama na sisi wasichana. Kila kiangazi Mama alikuwa akichimbua kichuguu, anakiponda, anaweka majani na mavi na maji, kisha tunaingia ndani kwa miguu, tunakanyaga mpaka udongo unakuwa kama ugali uliokubali. Unafunikwa, unalala siku mbili. Unaviringisha donge, unaliachia kutoka usawa wa kiuno: likipasuka lote, umezidisha mchanga, likitulia chini kama chapati bila hata ufa, udongo umezidi, litakuja kupasukia ukutani. Ukuta unanyunyiziwa maji kwanza. Unatupa tope kwa nguvu, unasukuma kwa kiganja, kwenda juu. Mama aliyajua haya yote bila kuyasema, na alikasirika ukimwuliza. Ulitakiwa utazame.

Kaka yangu hakutazama. Alikuwa na mpira, na alikuwa na vitabu vya Kifaransa vya Baba. Baba alikuwa mwalimu. Vumbi pekee lililowahi kushika mikono yake ni la chaki. Tope likimrukia kaka miguuni alikuwa akipita kwa vidole, kama paka. Tulipofika kambini na kuanza tena nyumba kwa mikono yetu, yeye alikuwa katibu wa kamati hii na ile. Mimi na Mama tukasiriba nyumba tatu: yetu, yake na mke wake, na ya kanisa.

Sasa alikuwa amewaambia wazungu kwamba anaijua kazi. Nao wakampa ukuta.

Ulikuwa ukuta wa upande wa kaskazini, unaopigwa na baridi na theluji. Miaka ya nyuma mtu mmoja mwenye nia njema aliukuta una nyufa akaupaka saruji. Saruji haipumui. Maji yaliingia kwa juu, yakakosa pa kutokea, yakakaa ndani yakila matofali. Kwenye video kaka aligonga kwa kifundo cha kidole, nami nikasikia utupu hapo hapo kupitia simu, nikiwa kitandani kwangu mtaa wa Glenwood, Durban, umbali wa bahari nzima.

"Toa saruji yote kwanza," nikamwambia. "Yote. Mpaka chini."

"Komite wanasema chini iko nzuri, ibaki."

"Haiko nzuri. Toa."

"Nitawaambia."

Baada ya siku tisa alinitumia picha. Udongo ulikuwa umedondoka kwa vipande vikubwa, umelala chini ya ukuta kama nguo zilizovuliwa.

"Ulilaza udongo siku mbili?"

"Ulisema kulaza?"

"Nilisema Jumapili. Uliulowesha ukuta?"

"Mvua ilikuwa imenyesha Jumanne."

"Yaya, mvua ya Jumanne haikulowesha ukuta uliousiriba Ijumaa! Mchanga ulitia?"

"Mchanga ulisema?"

Nikawaza: niko hapa, mikono yangu inaijua kazi hii, na mikono yangu inasuka. Yuko kule, mbele ya ukuta, na mikono yake haijui kitu. Karatasi zangu za ukimbizi haziniruhusu hata kukaribia ndege. Na mtu aliyepewa ruhusa ya kufika pale alikuwa kichwani hana hata ndoo moja ya tope.

Nikaamua kumfanyia video. Kama maneno hayaingii, atazame, kama Mama alivyotaka.

Udongo niliupata bila shida. Mwenye nyumba ninayopanga chumba Glenwood, kwenye nyumba kuukuu ya wanafunzi na sisi wachache tusio wanafunzi, alikuwa amechimba mtaro wa bomba, na ule udongo mwekundu unaoharibu viatu vyote vya mtaa ulikuwa umelundikana mbele ya nyumba. Nikajaza mifuko miwili. Majani makavu nikayanunua duka la wanyama, majani ya sungura. Tatizo likawa mavi. Durban ni jiji la kontena na malori, ng'ombe utampata buchani.

Nilikuwa nikilalamika hivyo kwa Kiingereza wakati namsuka gogo mmoja, mama mzee wa Kizulu anayekuja kila mwezi kusuka mistari minyoofu ya kuendea kanisani. Akageuza kichwa ghafla, nusura nimng'oe nywele.

"Ubulongwe?" akasema. "Unataka ubulongwe, mtoto wangu? Wa nini?"

Nikamweleza. Akasema kwao, juu huko milimani, yeye mwenyewe bado anasiriba sakafu ya rondaveli, nyumba ya duara ya marehemu mama mkwe wake, kwa mavi ya ng'ombe, na mabinti zake wanamcheka. Wiki mbili baadaye akaja nayo kwenye teksi, ndani ya ndoo ya rangi yenye kifuniko. Abiria wote, alisema, walifungua madirisha. Bosi wetu akasema ile ndoo ikikaa ndani ya saluni dakika moja zaidi mimi na ndoo tutatoka pamoja.

Kwa hiyo nikafanya kazi nyuma, kwenye uwanja wa mapipa ya taka. Nikakanyaga tope ndani ya beseni la kuoshea taulo. Nilikuwa sijakanyaga udongo tangu kambini. Miguu ilikumbuka kabla yangu. Nikalaza siku mbili chini ya plastiki, na Jumatatu, siku yetu ya mapumziko, mwenzangu wa Tanga akaja kunipiga video. Nilisiriba sehemu ya ukuta wa ua yenye upana wa mlango mmoja. Nilieleza kila kitu taratibu, kama mtu anayefundisha kipofu: donge, kiuno, maji kwanza, tupa, sukuma juu, usisugue sugue, acha. Upepo wa baharini ulikuwa unaingia kwenye simu, nikarudia mara tatu.

"Shoga, ungekuwa mwalimu ungeua watoto," mwenzangu akasema. Lakini alikuwa anatazama. Kisha akaniuliza kama naweza kumwachia sehemu ndogo ajaribu, nikamwachia.

Siku ya nne msimamizi wa jengo akaja, akaona ukuta wake mwekundu, akaita wenye saluni. Nilikwangua kazi yangu yote kwa kisu cha jikoni, naye amesimama hapo na funguo zake, akisema eish, eish, watu hawa. Ilikuwa imeanza kukauka vizuri. Haikuwa na ufa hata mmoja.

Video nilikuwa nimeshaituma. Kaka alinijibu kwa kidole gumba.

Na kweli alifuata. Sitasema uongo. Nilipoona picha za mwezi wa nane, ukuta ulikuwa umevaa koti la kwanza, yaani tabaka la kwanza la udongo, limeshika, nyufa ndogo tu za kawaida ambazo koti la pili hufunika. Nilifurahi. Nilimwonyesha gogo, akapiga kigelegele kwenye kiti.

Halafu kaka akanitumia kipande cha gazeti la mji wao. Alikitumia kwa furaha, na maua matatu chini yake. Kulikuwa na picha yake, amesimama na mwiko wa chuma mkononi mbele ya ukuta, mwiko ambao kwa kazi ile hauna faida yoyote. Kiingereza changu ni cha saluni, lakini kusoma nasoma. Iliandikwa kwamba mkimbizi kutoka Congo ameleta ufundi wa kale katika nyumba ya wahamiaji wa kale, na kwamba ufundi huo alifundishwa na baba yake.

Nilisoma mara mbili. Nikamwomba mteja anisamehe, nikatoka nje kwenye kibaraza, nikapiga.

"Yaya. Baba?"

"Uliona? Picha imetoka muzuri, hapana?"

"Baba alikufundisha kusiriba?"

"Ah. Hayo ni ya mwandishi."

"Mwandishi alimjulia wapi Baba?"

Akaanza kusema haraka, Kifaransa na Kiswahili vimechanganyika, kama anavyofanya akibanwa. Kwamba aliulizwa amejifunza wapi. Kwamba huku ujenzi ni kazi ya wanaume. Ningetaka aseme amejifunza kwa dada yake, msusi, kwenye WhatsApp? Wangemwondoa kwenye kazi siku hiyo hiyo. Kwamba anatafuta kuajiriwa pale moja kwa moja, atoke kiwandani, mgongo wake umekwisha.

"Ungesema Mama," nikamwambia. "Sikutaka useme mimi. Ungesema Mama."

"Mais, mdogo wangu, ni gazeti tu la mji mdogo."

"Basi ungeweza kusema ukweli kwenye gazeti dogo."

Nikamkatia. Mkubwa wangu, nikamkatia simu. Mama amelazwa Kigoma, kwenye makaburi ya kambini. Yule mwanamke alisiriba nyumba kwa miaka arobaini, na alipozikwa bado alikuwa na udongo chini ya kucha, tulishindwa kuutoa.

Wiki tatu sikupokea simu yake. Alipiga mchana, alipiga asubuhi yake, ambayo ni jioni yangu. Nilitazama jina lake likiwaka kwenye kioo, nikaendelea kusuka. Nilijiona nina haki, na nilikuwa na hasira mbaya kila siku, na haki haikunisaidia kitu kwenye hasira. Niliwavuta watu nywele. Mteja mmoja akahamia kiti cha mwenzangu.

Mwishowe akapiga wifi yangu, mke wake. Wifi ni mtu wa maneno machache.

"Wifi, koti la mwisho linabanduka," akasema. "Baridi inaingia mwezi wa kumi. Hajui afanye nini, na anaona aibu kukuambia. Na yule bibi wa nyumba anataka kuongea na wewe."

"Bibi gani?"

"Mwenyekiti wao. Nyumba ilijengwa na babu na bibi yake. Alimwuliza mume wangu swali kuhusu udongo, akashindwa kujibu. Akamwuliza, basi nani anajua?"

Nikasema sawa, Jumatatu.

Jumatatu niliketi kwenye benchi la ufukweni South Beach, mahali ambapo kuna mtandao mzuri, nimevaa kitambaa safi kichwani. Kwenye skrini alikuwepo kaka yangu, hanitazami vizuri, na kando yake bibi mmoja mwembamba, zaidi ya miaka themanini, nywele fupi nyeupe, sweta lenye vifungo mpaka shingoni. Kaka alikuwa amejipanga kutafsiri. Alimwambia bibi kwamba dada yake hajui Kiingereza sana.

Bibi akaanza kusema. Alisema kwa muda mrefu, taratibu, akitazama kamera moja kwa moja. Kaka alisubiri amalize, akanigeukia.

"Anakusalimia," akasema.

"Yaya, nimesikia," nikasema. "Amesema alisoma gazeti akashangaa. Amesema kwao wanaume walipanga matofali tu. Kusiriba walisiriba wanawake. Amesema mama yake na bibi yake walivua viatu kila majira ya kuchipua wakaingia kwenye udongo, na yeye pamoja nao, na hakuna siku alimwona babu yake akigusa tope la ukuta."

Uso wa kaka nilikuwa sijauona hivyo tangu alipokuwa kijana akikamatwa na Baba. Nikajua nilitakiwa kuona raha. Niliona raha kidogo, halafu nikaona aibu yake ikawa yangu pia, maana ni damu yangu, na kulikuwa na mgeni anatutazama. Hilo nalo likaniudhi.

Kwa hiyo nikamgeukia bibi, nikaongea mwenyewe kwa Kiingereza changu cha urefu wa nywele na saa za kufungua duka. Ukuta hauhitaji maneno mengi. Aliniuliza kwa nini koti la mwisho linatoka kama ngozi ya kuungua. Nikamwambia wanionyeshe. Kaka akasogeza simu ukutani. Alikuwa amelipaka saa sita, jua likiwa kali, tope tupu bila mchanga. Nikawaambia walitoe lote, wachekeche mchanga mwembamba, wachuje mavi, wapake asubuhi mapema, na watundike magunia yaliyolowa mbele ya ukuta siku tatu ili ukauke polepole.

"Magunia!" bibi akasema, akampiga kaka yangu begani. "Mama yangu alitundika mashuka ya zamani. Nilikuwa nimesahau kabisa mashuka."

Nikamwuliza wao juu ya udongo walipaka nini. Akasema chokaa, na ndani ya chokaa maziwa yaliyotolewa siagi, ili chokaa isiache unga kwenye nguo. Nilikuwa sijawahi kusikia maziwa. Nikamwuliza kiasi gani. Akaanza kueleza, akiinua mikono kuonyesha ukubwa wa ndoo, na simu ya kaka ikazima. Betri. Alijua atanipigia simu Jumatatu, alikuwa na wiki nzima, na hakuchaji simu.

Nilikaa kwenye benchi saa nzima nikisubiri. Alipiga jioni. "Bibi alichoka, amekwenda nyumbani," akasema. Kisha, baada ya kukohoa: "Nilikosa, mdogo wangu. Kwa mambo ya gazeti."

"Sawa," nikasema. Nilitaka kusema zaidi lakini nilikuwa nimechoka kumkasirikia. "Nitumie namba ya bibi."

"Nitakutumia."

Walifanya kama nilivyosema. Magunia walitundika. Koti likashika kabla ya barafu. Saruji ya chini komite walikataa kuitoa, na nilijua, na nikawaambia kupitia kaka, kwamba pale chini patarudi kuoza. Majira yao ya baridi yakapita, theluji ikaegemea ule ukuta miezi mitano. Kaka akapata ile kazi ya kudumu, akaacha kiwanda. Nilimpongeza, na nilimpongeza kwa kweli. Mgongo wake ndio niliobebwa nao nikiwa mdogo.

Namba ya bibi hakunitumia. Nilimkumbusha mwezi wa kumi na moja, nikamkumbusha Krismasi, nikamkumbusha Pasaka. Kila mara ilikuwa nitakutumia, iko ofisini, iko kwenye simu nyingine. Mwezi wa tano wakafungua nyumba kwa wageni, akanitumia picha za sherehe. Ukuta ulikuwa mweupe, na umesimama. Kutoka ardhini mpaka magotini ulikuwa na doa la unyevu, pale pale pa saruji. Na kando ya mlango walikuwa wameweka kibao kidogo kikisema ukuta umetengenezwa upya na fundi kutoka Congo kwa njia ya baba zake.

Nilipiga simu, lakini si kwake. Nilimpigia wifi. Akasema, "Subiri." Kabla sijamaliza msuko mmoja namba ya bibi ilikuwa imefika. Miezi saba niliiomba kwa mwanamume, nikaipata kwa mke wake kwa dakika tano, na nikajiuliza kwa nini nilianza kwa mlango usiofunguka.

Bibi hakunitambua mwanzoni. Nilisema "ukuta", nilisema "magunia", ndipo akapaza sauti. Nikamwambia kibao kimekosea. Sikumsema vibaya kaka yangu. Nilisema tu kwamba aliyeijua kazi alikuwa mama yetu, kama mama yake yeye.

Akaniuliza, "Mama yako aliitwa nani?"

Nikamtajia. Hakulishika. Nikalitaja herufi moja moja, na yeye akarudia kila herufi kwa sauti ya mzee, na basi kubwa likapita barabarani, ikabidi nianze tena. Mara ya tatu akasema ameandika. Akaniambia na jina la mama yake, nami nikaliandika nyuma ya kadi ya saluni. Maziwa nikasahau kumwuliza.

Mwezi uliopita wifi alinitumia picha ya kibao kipya. Ni kizuri, cha shaba, na jina la Mama limo, kando ya jina la mama wa bibi. Jina la Mama limekosewa herufi moja. Ile herufi inaligeuza kuwa jina la mwanamume.

Nimemwandikia wifi. Amenijibu kwamba bibi ameshika kichwa, na kwamba komite inakutana tena mwezi wa tisa.